Vidole vya Mama, Uma wa Hofni

Ijumaa moja mchana, miaka tisa iliyopita, nilivifungua vidole vya mama yangu kimoja kimoja nikamnyang'anya rozari yake.

Alikuwa amelala chumbani kwake, Mtwara, mwezi wa pili tangu kiharusi kimshike upande wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa bado na nguvu, na rozari ilikaa humo usiku na mchana. Shanga zake za mti zilikuwa zimelainishwa na kidole gumba kwa miaka hadi zikang'aa kama kokwa za ukwaju. Uzi wa asili ulishakatika zamani. Jirani yetu mvuvi alizitunga upya kwa mshipi wa kuvulia, akafunga fundo analofungia ndoana. Mama alizaliwa Ndanda, kwenye misheni ya Wabenediktini, na rozari ile alipewa siku ya kipaimara.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahama Kanisa Katoliki na kuokoka kwenye kanisa moja la kiroho pale mjini. Nilikuwa katibu wa kikundi cha maombi. Waombaji watano wa kikundi chetu walikuja nyumbani kumwombea mama, na kiongozi wao, dada niliyemheshimu sana, aliitazama rozari akaniambia kwa sauti ya upole kabisa: "Mpendwa, hatuwezi kuomba hicho kitu kikiwa mkononi. Hicho ni kifungo." Akanikumbusha andiko la Mathayo 6:7, lile la kutopayuka-payuka kama watu wa mataifa. Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mtoto wa nyumba.

Nikaitoa. Nikaiweka kwenye droo ya kabati, chini ya kanga.

Waliomba karibu saa nzima, kwa sauti, chumba kikatetemeka. Mama hakusema neno. Alinitazama mara moja tu, halafu akafumba macho. Katikati ya maombi nilifumbua yangu, nikaona kidole gumba chake kinatembea juu ya pingili za vidole vingine, kutoka pingili hadi pingili, kinahesabu. Kumi, kisha kinaanza upya.

Mwezi uleule, kwenye kikundi kilekile, mjane mmoja aliyekuwa akishona sare za shule alikuja ibada ya jioni na shilingi 170,000 zilizofungwa kwenye pindo la khanga. Alikuwa ameuza cherehani. Mtumishi alikuwa amemwambia kwamba ukoo wao una laana ya umaskini, na laana ile haivunjwi kwa sadaka ya mazoea, lazima atoe kile kinachomuuma. Mimi ndiye niliyezihesabu noti zile na kuziandika kwenye daftari. Kijana mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, yule mama atakula nini sasa. Akajibiwa palepale, na wengi tukaitikia amina: "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi."

Mstari ule ulikuwa kwenye Biblia zetu ile Ijumaa pia, nyumbani kwa mama. Hakuna aliyeukumbuka.

Tangu hapo nimeyasoma maandiko ya kuhukumu kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ukiyaweka pamoja, mwanzoni yanaonekana kupigana. Mathayo 7:1 inakataza. Yohana 7:24 inaagiza tufanye "hukumu iliyo ya haki". Paulo anawauliza Warumi, "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" halafu anawakaripia Wakorintho kwa sababu hawakumhukumu mtu wao aliyekuwa na mke wa babaye. Katika barua hiyohiyo, sura moja tu nyuma yake, amewaambia wasihukumu neno kabla ya wakati wake. Yohana anatuambia tuzijaribu roho. Yakobo anatuuliza sisi ni nani hata tumhukumu mwenzetu.

Jibu ambalo nimelisikia madhabahuni mara nyingi ni kwamba kuhukumu ni kitu kimoja na kupambanua ni kingine. Cha kwanza ni dhambi, cha pili ni karama. Ni jibu zuri kwa haraka, ila halishiki. Kigiriki cha Agano Jipya kina kitenzi *krino*, kinachobeba kutenga, kuamua na kuhukumu kortini, vyote kwa pamoja. Katika Yohana 7:24 Yesu anakitumia kitenzi hichohicho mara mbili, cha kukataza na cha kuagiza. Kwa hiyo kubadilisha msamiati hakutuokoi. Na ona alikuwa anazungumzia nini pale: walimkasirikia kwa sababu alimponya mtu siku ya sabato. Akawakumbusha kwamba wao wenyewe humtahiri mtoto siku ya sabato ikibidi, ili torati isivunjwe. Iweje waone vibaya mtu mzima mzima akiponywa siku hiyo? Walikuwa wameangalia siku, hawakumwangalia mtu aliyekuwa amelala chini miaka 38 na sasa anatembea.

Hata Mathayo 7 yenyewe haisimami kwenye mstari wa kwanza. Ukiendelea hadi wa sita unakuta mbwa na nguruwe na lulu, na hutaweza kulitii neno lile kama hujaamua nani ni nani. Ukifika wa kumi na tano, kuna manabii wa uongo waliovaa mavazi ya kondoo. Ni mahubiri yaleyale, mlima uleule, wasikilizaji walewale. Katikati yake ndipo palipo na kibanzi na boriti.

Nililelewa Pwani ya kusini, na neno boriti kwetu halina fumbo. Ni mti wa mkoko, mnyoofu, mzito, uliokatwa deltani Rufiji na kubeba dari za nyumba za mawe kuanzia hapa hadi Uarabuni. Vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya urefu wake. Waliotafsiri Biblia walituchagulia kipande cha mti ambacho wanaume wawili hukibeba begani wakitoka jasho, wakasema kiko ndani ya jicho. Mtu mwenye boriti jichoni hawezi hata kumsogelea mwenzake bila kumgonga. Ndivyo tulivyoingia chumbani kwa mama.

Lakini Yesu hakusema kibanzi kiachwe. Anasema toa boriti kwanza, "ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi". Kibanzi jichoni kinauma. Anayemwacha ndugu yake nacho kwa kisingizio cha kutohukumu hajampenda. Kwa miaka mingi niliusikia mstari wa kwanza bila kuusikia wa tano, na nadhani wengi wetu tuko hivyo, kwa sababu wa kwanza unafaa sana kumnyamazisha mtu.

Paulo ndiye aliyenisumbua zaidi. Kuhusu kushika siku, anawaandikia Warumi kwamba mmoja hutofautisha siku na siku, mwingine huziona zote sawa, na "kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe". Anawaandikia Wagalatia kuhusu jambo lilelile: mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka, nawachelea, isiwe nimejitaabisha bure. Kwa Warumi ni ruhusa, kwa Wagalatia ni msiba. Vivyo hivyo na tohara. Timotheo alimtahiri kwa mkono wake, Matendo 16. Kwa Tito, Paulo huyohuyo alikataa katakata asitahiriwe, Wagalatia 2. Mtu anayetaka kusema Paulo alikuwa kigeugeu ana ushahidi wa kutosha mezani.

Mimi nimekuja kuona kwamba alikuwa anaangalia nani ameshika kamba upande wa pili. Kule Rumi, Wayahudi walikuwa wamefukuzwa na Kaisari Klaudio. Ndiyo sababu Akila na Prisila wanaonekana Korintho katika Matendo 18. Wasomi wengi wanadhani kwamba waliporudi, baada ya Klaudio kufa mwaka 54, walikuta kanisa limezoea kuendeshwa na watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, na wao, pamoja na mboga zao na siku zao, wamekuwa wageni. Waliokula vyote waliwadharau, nao wakawahukumu waliokula vyote. Hakuna aliyekuwa akimlazimisha mwenzake. Kwa hali hiyo Paulo anasema mwacheni, ana bwana wake, naye atasimama. Galatia kulikuwa na watu waliokuja na kisu wakisema pasipo hiki hujaokoka. Siku zilezile, tohara ileile, lakini sasa zimegeuzwa kuwa lango, na kuna mlinzi amekaa langoni. Hapo Paulo hakunyamaza hata kwa Petro. Alimpinga uso kwa uso Antiokia, mbele ya wote, kwa sababu Petro alipoinuka kwenye meza aliyokuwa akila na watu wa mataifa, wao walibaki wakijiona hawafai.

Ukiniuliza leo mtu anasali vipi, anafunga siku gani, anapiga magoti au anasimama, anatumia shanga au ngoma, nitakupeleka Warumi 14 na nitakuomba tukae hapo. Ukiniambia kuna mtu ameifanya namna yake ya kusali kuwa tozo au fimbo juu ya wengine, hapo naona tumeshatoka Warumi 14, na kumtajia mwenye kuumizwa Mathayo 7:1 ni kumwongezea jeraha.

Kuna kuhani mmoja katika Biblia aliyeyakosea yote mawili, na kisa chake nimekisoma mara nyingi kuliko kingine chochote. Ni Eli wa Shilo. Siku moja ameketi kwenye kiti chake karibu na mwimo wa mlango wa hekalu, anamwona mwanamke anasali. Midomo inacheza, sauti haitoki. Eli hajawahi kuona sala ya namna ile, akaamua kwamba mwanamke amelewa, akamkaripia aache divai yake. Ni hukumu ya macho tu, ya kitabuni kabisa. Yule mwanamke ni Hana, tasa, anayechokozwa na mke mwenziwe mwaka baada ya mwaka hadi hali chakula. Anajibu kwa heshima kwamba hakunywa kileo chochote, ameimimina roho yake mbele za BWANA.

Sasa geuza ukurasa mmoja. Wana wa Eli, Hofni na Finehasi, ni makuhani pale pale. Mtu akileta dhabihu, nyama ikiwa bado jikoni, mtumishi wao anakuja na uma wa meno matatu, anauchoma ndani ya chungu, na chochote kitakachopanda nao ni chao. Wakati mwingine hawasubiri hata mafuta yateketezwe. Wanataka nyama mbichi, na asipotoa, wanaichukua kwa nguvu. Wanalala na wanawake wanaohudumu mlangoni pa hema. Eli anajua. Anawaonya kwa maneno, kweli, uzeeni kabisa. Lakini hakuwazuia, na hilo ndilo neno ambalo Mungu alimwambia mtoto Samweli usiku: hakuwazuia.

Kwa nini aliweza kumfokea Hana na hakuweza kuwazuia wanawe? Nilikuwa nikidhani ni upole wa baba tu. Kisha nikauona 1 Samweli 2:29, pale mtu wa Mungu anapomwambia kwamba amewaheshimu wanawe kuliko Mungu, na kwamba wamejinenepesha kwa sadaka zilizo njema za watu. Wamejinenepesha, na Eli yumo. Sura mbili mbele, anapoanguka kwenye kiti na kuvunjika shingo, Biblia inasema alikuwa mzee, tena mzito. Nyama iliyopanda na ule uma ilifika pia kwenye sahani ya baba.

Niliposoma hapo niliifunga Biblia. Mwaka ule wa cherehani, nilikwenda Dar es Salaam kwenye kongamano la vijana, siku nne, nauli na malazi, na fedha zilitoka kwenye kapu ambalo daftari lake niliandika mimi. Nilikuwa sina sauti ya kumtetea yule mjane kwa sababu ndani ya kinywa changu kulikuwa na mnofu.

Kanisa letu Afrika Mashariki lina historia ndefu ya kumfokea Hana. Mwaka 1941, kwenye chuo cha teolojia cha Waanglikana kule Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Walikuwa watu wa uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na kuvuka mipaka: waliamka alfajiri kuomba pamoja, waliungama dhambi hadharani, waliwahubiria wenzao na wakubwa wao bila kuchagua. Bila shaka walikuwa wanachosha. Lakini kutoka kwenye uamsho uleule ndiko alikotoka Janani Luwum, askofu mkuu aliyeuawa Februari 1977 katika utawala wa Idi Amin kwa kuthubutu kusema. Na wao wenyewe waliookoka, baada ya kukaripiwa, wengi waliigeuza swali la "umeokoka lini?" kuwa kipimo cha kila Mkristo waliyekutana naye, na bibi wa Kianglikana aliyemcha Mungu miaka 60 bila kuwa na tarehe ya kutaja akaonekana mfu. Kiti cha Eli hakikai wazi muda mrefu.

Na tuna historia ya kumwachia Hofni. Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na watoto walikuwa wengi mno. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alifikishwa mahakamani na akakana mashtaka. Waliokufa, kwa mujibu wa wachunguzi, walikuwa wameambiwa wafunge hadi kufa wakamwone Yesu. Kufunga ni ibada takatifu, mimi mwenyewe nafunga. Kama jirani angeniambia mwaka mmoja kabla kwamba kuna watu msituni wanafunga sana, ningemjibu nini? Nakiri kwamba ningemjibu kwa Warumi 14: asiyekula asimhukumu alaye, na alaye asimdharau asiyekula. Ningelitumia andiko zuri mahali pasipo pake, kwa sababu nisingeuliza swali la pili: na watoto, nani anawanyima chakula?

Swali hilo la pili ndilo ninalojifunza kuliuliza. Nani anaumia? Nani anakula? Yesu alisema tutawatambua kwa matunda yao, na matunda huchukua msimu. Unasubiri, unaangalia mti, huupimi kwa gome. Rozari ya mama niliipima kwa gome. Sikuuliza hata siku moja ilizaa nini. Ningeuliza, ningekumbuka kwamba ndiyo aliyokuwa ameishika usiku ule baba alipofariki, tukiwa watoto wanne wadogo, na asubuhi akaamka akatupikia uji.

Na lile andiko la kupayuka-payuka, nililisoma upya. Linasema kuhusu watu wanaodhani watasikiwa kwa sababu ya wingi wa maneno. Mwenye kunong'ona Salamu Maria kwenye kitanda cha kiharusi na mwenye kupaza sauti saa nzima juu ya kitanda hichohicho, nani alikuwa na maneno mengi siku ile? Halafu kuna Gethsemane. Mathayo 26:44 inasema Yesu alikwenda akaomba mara ya tatu, akisema maneno yale yale. Uchungu ulipozidi, Bwana mwenyewe alirudia.

Yule mjane nilimfuata mwaka uliofuata. Kabla ya hapo nilikuwa nimelipeleka daftari kwa wazee wa kanisa, likiwa na tarehe, jina na kiasi, nikaomba arudishiwe. Niliambiwa sadaka iliyokwisha kupanda madhabahuni haishuki. Niliondoka, na wawili wengine wakaondoka nami, yule kijana aliyeuliza akiwamo. Tulichanga tukampatia cherehani kuukuu, ya miguu. Aliipokea kwa mikono miwili, akajaribu kuzungusha gurudumu, akasema mkanda umelegea, tutafute fundi. Hakutaja kabisa habari za laana.

Lakini rozari nilikuwa nimeirudisha mapema zaidi, siku ya nne tu, Jumanne. Usiku wa Jumatatu niliomba chumbani kwangu kama kawaida, kwa sauti, hadi saa nane. Asubuhi nilipompelekea mama uji aliniambia, kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito: "Nakusikia ukutani kila usiku, mwanangu. Nalala vizuri nikijua unasali."

Nikafungua droo. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia, "Nisamehe, mama." Hakujibu. Alifungua kiganja cha kulia, nikaiweka, akaipapasa hadi akalipata lile fundo la mvuvi, akaanzia hapo. Kisha akanisogezea upande wa pili wa uzi.

"Leo ni matendo ya uchungu," akasema. "La kwanza. Yesu anatoka jasho la damu bustanini."

"Maneno nimeyasahau, mama."

"Shika tu. Nitasema mimi."